Pambano la Tatu Kiwanja cha Stesheni

Wapo watu Makambako ambao mpaka leo wanasema pambano la tatu liliharibika. Wanasema Abdulsalam wa Dar es Salaam alipotea njia, mjukuu wangu Nahumu akagoma kutupwa, na mzee wa kanisa kutoka Matembwe akaingilia mchezo usiomhusu. Waache waseme. Mimi nilikaa benchi la pili, macho yangu hayakutoka ulingoni tangu kengele ya kwanza, na mieleka nilikuwa nimeitazama miaka mingi kabla ya siku ile. Nasema lilikuwa pambano zuri kuliko yote, na mwenye haraka anaweza kwenda, mwenye nafasi akae anisikilize.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, vitu vilipoanza kumiminika njia panda pale kwetu: sabuni za kila rangi, redio za mkononi, mitumba mpaka ya makoti ya Wazungu. Miraji, mwenye malori, alikuwa anapeleka mbao Dar es Salaam, na lori likirudi halirudi tupu. Mara moja likarudi na televisheni, video na jenereta. Akafungua banda nyuma ya stendi, akaweka mabenchi, watu wakajaa. Mimi nilikuwa nauza chai na maandazi mlangoni. Miraji alitundika blanketi mlangoni ili wa nje wasione bure, lakini blanketi lilikuwa fupi upande wangu, na yeye mwenyewe alisema, "Bibi wewe tazama tu, chai yako ndiyo inawaweka watu."

Basi nikatazama. Picha za ngumi za Wachina sikuzipenda, wanaruka kupita kiasi. Lakini mieleka ilinishika. Stelingi wa kushangiliwa, adui wa kuzomewa, kamba tatu, refa wa kugeukia upande usiofaa kila adui anapofanya uovu. Ikafika mahali watu waliokosa jana wanakuja asubuhi kunywa chai wananiuliza, "Bibi, jana ilikuwaje?" Ninawapa yote. Nani aliingia vizuri, nani alichoka mapema, kabali ipi ilikuwa ya kweli na ipi ilikuwa ya kumshika mwenzake apumue. Madereva wa Songea walikuwa wanasema bora kunisikiliza mimi kuliko kukaa bandani kwenye moshi wa sigara.

Mwaka huo, mwezi wa saba, baridi ikiwa imekaza, Miraji akasema sasa ataleta mieleka ya watu hai. Akapatana na kikundi cha Dar es Salaam, kiongozi wao Abdulsalam, ambaye ulingoni aliitwa Chuma cha Pwani. Ulingo ukajengwa kiwanja cha karibu na stesheni ya reli, na aliyepewa kazi ya kuujenga ni Nahumu. Huyo ni mtoto wa marehemu mwanangu Ebeneza, nimemlea mwenyewe pale Kitandililo. Alikuwa mbeba magogo na mpasua mbao, mtu wa mabega, mpole wa kusema. Aliacha uwazi chini ya mbao za ulingo kwa makusudi, ili mtu akianguka ulie kama ngoma.

Sasa, mtu aliyepaswa kuwa adui wa Abdulsalam alitoka Tanga. Alikaa Makambako siku mbili. Siku ya tatu alfajiri alijifunga mashuka mawili, akapanda treni, akasema hajazaliwa kufa kwa baridi. Abdulsalam akabaki hana adui. Akamwona Nahumu anabeba boriti peke yake begani, akamwita. Wakafanya mazoezi, na Abdulatif, aliyekuwa refa na msemaji wa kipaza sauti, akampa jina: Baridi ya Kipengere, kwa ile milima yetu. Wenzake wote walipigana vifua wazi. Yeye nilimfumia sweta jekundu lisilo na mikono.

Hapo ndipo shida ilipoingia, maana Nahumu alikuwa anaposa.

Msichana aliitwa Ida, alikuwa anasaidia wauguzi kule hospitali ya Tandala. Baba yake, Mzee Yonathani, alikuwa mkulima wa Matembwe na mzee wa kanisa. Posa yetu ilishapokelewa, tulikuwa tunangoja jibu. Lakini Mzee Yonathani alikuwa na kidonda. Binti yake mkubwa, Ema, aliolewa vizuri, kwa nyimbo, kisha akarudi nyumbani mkono umefungwa bandeji, amepigwa na mumewe. Tangu hapo yule mzee alisema hatatoa binti mwingine kwa mtu asiyejua mkono wake unaishia wapi. Mara anasikia huyu anayeposa anapigana mbele za watu, tena kwa kulipwa.

Akanitumia ujumbe kwa dereva wa lori la mbao. "Mwambieni mama Ebeneza kwamba Jumamosi nakuja kuona kwa macho yangu. Nikishaona, nitajibu hapohapo."

Nikamwita Nahumu nikamwambia. Akasema, "Bibi, usiogope. Na usije ukalia siku hiyo ukanitia aibu. Nitapigwa, halafu Abdulsalam atanitupa nje ya kamba, upande wa mabenchi ya mbele. Watu watakimbia. Nitarudi ulingoni napepesuka, atanilaza, refa atahesabu tatu. Basi."

"Kwa hiyo umeshapangiwa kushindwa."

"Mimi si adui, bibi? Adui anashindwa."

"Na mnaumizana?"

"Haumii mtu. Ukimshika mwenzako unamshika kama mtungi wa kuazima."

Sikushangaa. Ukitazama kwa utulivu unaona mwenyewe kwamba anayebebwa huwa ameshajirusha. Lakini Miraji alikuja jioni ile kuniomba, amekunja mikono kama yuko msikitini. "Bibi yangu, tafadhali. Wewe watu wanakuamini. Ukisema neno moja kwamba mambo yamepangwa, Jumamosi nitacheza mimi na mabenchi." Nikampa ahadi. Na kweli, nikiwaza, hata kumwambia Mzee Yonathani kungenisaidia nini? Nikinyamaza, atasema mjukuu wangu ni mgomvi. Nikisema, atasema ni mwongo anayelipwa kudanganya watu. Mzee wa kanisa hapendi hata mmoja kati ya hao wawili.

Jumamosi ikafika, na jua, namshukuru Mungu. Lori la mbao likasimama, Mzee Yonathani akashuka na koti lake la kanisani. Kisha mlango ukafunguliwa tena, akashuka mkewe.

Nikaukumbuka ujumbe wa mzee. Alisema anakuja yeye. Hakusema anakuja na mama Ema.

"Kamwene, mama Ebeneza," akanisalimu, kitenge begani, kikapu mkononi. "Nimesema mzee haendi kuona mkwe peke yake. Macho yake siku hizi hayaoni mbali."

"Kamwene, mama. Karibu sana," nikasema, na moyoni nasema, leo tumekwisha.

Asiye wa kwetu nimweleze kidogo. Sisi Wabena, kijana akishapeleka posa na ikapokelewa, mama wa msichana anakuwa kwa kijana huyo mtu wa kuheshimiwa kwa kukaa naye mbali. Hamshikani mikono. Hamkai benchi moja. Akipita njia hii, wewe unaingia shambani mpaka apite. Hata kama kuna neno la kuambiana, linapitia kwa mtu wa tatu. Hilo lilikuwa halina mjadala, tajiri wala maskini, mlokole wala mnywaji wa ulanzi.

Na Miraji, ambaye wazee wake ni wa Kigoma, mtu mwenye adabu zake nzuri tu, alipoambiwa hawa ni wakwe watarajiwa wa Nahumu, akawakimbilia. "Karibuni wageni wangu, karibuni mbele!" Akamshika mama Ema mkono akamkalisha benchi la mbele kabisa, katikati, na blanketi la kufunika magoti. Mzee Yonathani alikataa katakata. Alisema mzee wa usharika haonekani mbele kwenye mambo ya mieleka. Akaja kukaa na mimi benchi la pili, nyuma ya mke wa fundi cherehani mwenye kilemba kikubwa, ili ajifiche.

Nikainama mbele nikamgusa mama Ema bega. "Mama, njoo tukae huku. Huku kuna jua."

"Hata hapa lipo."

"Hapo mbele kuna vumbi."

"Mimi nalima pareto, mama Ebeneza. Vumbi?"

"Wale wa ulingoni wanatema mate wakipigana."

"Nitajifunika." Akalivuta blanketi la Miraji mpaka kifuani, akatulia kama amejengewa pale.

Nikamwendea Miraji kwenye mlango wa kiwanja. "Muondoe yule mama pale mbele."

"Bibi! Mgeni wangu, nimemkalisha kwa heshima, halafu nimwinue? Kwetu mama mkwe ndiye anawekwa mbele."

"Kwenu sawa. Kwetu mkwe akimgusa mama mkwe mbele za watu, ndoa hakuna. Na wewe unajua Nahumu anatupwa upande gani."

Akashika kichwa. Lakini watu walikuwa wanasukumana mlangoni, tayari Abdulatif ameshika kipaza sauti, na hema la wachezaji lilikuwa limefungwa, mlinzi wake haelewi bibi wala babu. Miraji akasema, "Labda Nahumu atamwona." Nikarudi kukaa.

Kengele yao ilikuwa kipande cha reli. Kikagongwa, likaanza pambano la kwanza, Radi wa Mbeya na mtu anaitwa Kifaru. Nasema kwa haki, lilikuwa pambano zuri la kufungulia siku. Radi mwembamba, miguu mepesi, anapiga ngwala mpaka unaona aibu kwa niaba ya anayeanguka. Kifaru anaanguka vizuri, mgongo mzima, na ulingo wa Nahumu ukawa unalia duu, duu, watoto wanashikilia masikio.

Mzee Yonathani akanishika mkono. "Anamuua mwenzie!"

"Hamuui. Tazama mkono wa kushoto, mzee. Uko wapi?"

Akatazama akipishana na kilemba cha mke wa fundi. "Uko kichogoni."

"Anakikinga kichwa cha mwenzake kisigonge mbao. Anayetaka kuua hakingi."

Akaguna. Radi akashinda. Kasoro ya pambano lile ni moja tu, Kifaru alichoka mapema, na baada ya hapo akawa anakaa sana kwenye kabali, kama mtu anayengoja basi.

Pambano la pili lilikuwa baya na sitalificha. Jitu kutoka Morogoro, mnene, wanamwita Ghala la Taifa, dhidi ya ndugu wawili wafupi wa Iringa. Kuingia aliingia vizuri, ameweka gunia tupu begani, watu wakacheka. Lakini alipozungusha mkono kuwapiga wote wawili kwa mpigo, aliyeguswa alikuwa wa kulia, aliyeanguka alikuwa wa kushoto. Wa kulia akabaki amesimama anamtazama ndugu yake. Halafu akakumbuka, akaanguka naye, taratibu, kama mtu anayelala.

"Mbona ameanguka asiyeguswa?" Mzee Yonathani akauliza.

"Upepo," nikasema. "Mkono mnene ule, upepo wake..."

"Mama Ebeneza."

"Naam."

"Mimi si mtoto."

Ghala la Taifa alikuwa amekalia ndugu wote wawili, watu wanamtupia maganda ya miwa.

"Kwa hiyo ni uongo," akasema mzee, sauti ya chini, sauti ya kikao cha kanisa. "Wanakubaliana."

Sikuvunja ahadi ya Miraji. Nilimuuliza tu, "Mzee, msiba wa marehemu kaka yako, watani hawakuja?"

"Walikuja. Mmoja aliingia kaburini akalala, akasema hazikwi mtu mpaka apewe kuku."

"Ulimwita mwongo?"

"Mtani? Ile ni kazi yake."

"Wafiwa walimpiga?"

"Walicheka. Na kulia wakalia."

"Basi," nikasema.

Ghala akashinda, akaondoka na gunia lake. Kisha mzee akaniambia, na hapo niliona ni mtu wa akili kweli: "Sawa. Nimekubali ni utani. Lakini utani una siku mtu anakosea, mwenzake anaumia kweli, anakasirika kweli. Ema na mumewe nao walikuwa wanaanza kwa mzaha. Mimi sikuja kuona wanavyocheza. Nataka kuona huyu kijana mchezo ukiharibika atafanya nini."

Nilitazama mgongo wa mama Ema, umenyooka benchi la mbele, na kamba za ulingo karibu tu juu yake.

Abdulatif akatangaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Kutoka milima yenye ukungu, anayekausha mahindi yenu, anayewanyima usingizi... Baridi ya Kipengeeere!" Watu wote wakazomea, maana Julai ile hakuna aliyeipenda baridi. Nahumu akaingia na sweta lake jekundu. Akapita kwenye mstari wa mbele ananyoosha ngumi, akiwatisha watu kama alivyofundishwa, akaanzia kwa vijana wa gereji. "Wewe! Na wewe!" Akafika kwenye blanketi la Miraji. Ngumi ikabaki juu. Akageuka haraka akapanda ulingoni kwa upande wa pili, amesahau hata kunguruma.

"Amefanya nini?" mzee akauliza.

"Amemwona mama Ema."

Mzee akalisogeza bega lake aone vizuri.

Abdulsalam akaingia kwa vifijo, mafuta ya nazi mwili mzima, anang'aa. Na sasa nieleze pambano lenyewe kwa utaratibu, kwa sababu ndilo linalobishaniwa.

Mwanzo ulikuwa wa daraja la juu. Nahumu alimbeba Abdulsalam juu ya kichwa kama gogo, akamzungusha, akamweka chini kwa mlio mkubwa usio na madhara. Watu wakashtuka, hawakujua kuna mtu wa kwetu anayeweza hivyo. Abdulsalam akajibu kwa mtama, kisha roba ya mkono, Nahumu anapiga mbao kwa kiganja kama anaumia. Mpaka hapo hakuna pambano lingine la siku ile lililofikia hata nusu yake.

Kisha Abdulsalam akampeleka kwenye kamba za upande wetu. Ndiyo zamu ya kutupwa. Akamnyanyua, akamwegemeza kambani, tumbo juu ya kamba ya juu. Na chini pale, uso kwa uso na Nahumu, yuko mama Ema.

Nahumu akakumbatia kamba kwa mikono yote miwili.

Abdulsalam akasukuma. Hakwenda. Akasukuma tena. Tulikuwa karibu, tulisikia kila neno. "Nenda! Nenda wewe!"

"Siendi. Mkwe yuko hapo."

"Mkwe gani? Toka!"

"Mama mkwe! Nitupe upande mwingine!"

"Hata mimi nina mama mkwe, yuko Tandika! Toka!"

Watu wakaanza kuzomea. Vijana wa gereji wakapiga kelele kwamba Chuma cha Pwani hana nguvu, hawezi kumtoa mtoto wa Kitandililo. Na hapo nilimwona Abdulsalam usoni, nikajua ameelewa vibaya. Alidhani Nahumu anamgeuka, anataka kushinda nyumbani kwao, amdhalilishe mbele ya watu. Jasho likaacha kuwa la mchezo. Akakunja ngumi, na ngumi ile haikufunguka njiani. Ikatua puani. Niliisikia. Damu ikashuka kwenye sweta.

"Ile ni ya kweli," Mzee Yonathani akasema. Alikuwa amesimama, kujificha amesahau.

"Ya kweli," nikasema. Nisingeweza kusema vinginevyo.

Ngumi ya pili ikaja, sikioni. Sasa mjue, Nahumu alikuwa na uwezo wa kumvunja yule mtu. Alikuwa anabeba magogo ya watu wawili. Mguu wake mmoja ulikuwa chini, angegeuka tu, angempata Abdulsalam kifuani amekaa wazi. Uwanja mzima ulikuwa unamwambia mpige, mpige. Aligeuza uso akamtazama Abdulsalam, damu mdomoni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuniomba chumvi: "Kaka, huyu mama siwezi kumwangukia. Tulia kidogo."

Na mama Ema? Kuondoka hakuweza, kwa sababu kuinuka ni kumgusa mkwe kwa kichwa, alikuwa amening'inia juu yake. Alijigeuza palepale alipokaa, akawapa mgongo ulingo na mkwe, akajifunika blanketi la Miraji mpaka kichwani. Wanawake wa kwetu waliokuwa uwanjani, wa Njombe, wa Lupembe, wote wakaelewa kwa mara moja. Kelele za kuzomea zikakatika upande wao. Waliobaki kushangaa ni wafanyabiashara wa stendi, wanaulizana yule mama ameficha uso kwa nini, ameogopa damu?

Abdulsalam akainua ngumi ya tatu.

Hapo Mzee Yonathani, mzee wa usharika, asiyetaka kuonekana, akapanda juu ya benchi. Kilemba cha mke wa fundi kikaanguka. Akapaza ile sauti yake ya kuanzisha wimbo ibadani:

"Mama Ema! Tambaa utoke! Mpishe mkweo!"

Kwa vigelegele vilivyopigwa, treni iliyokuwa inapiga honi stesheni haikusikika. Maana neno lilikuwa limeshatoka. Hakusema mpishe kijana, hakusema mpishe mpiganaji. Mama Ema akainama chini ya blanketi, akatambaa kando ya benchi, wanawake wakamvuta wakamzunguka, wanaimba. Wengine wakahama wenyewe. Benchi likabaki tupu.

Nahumu akatazama chini, akaona ni mbao tu. Akaachia kamba. "Haya, sasa," akamwambia Abdulsalam.

Na Abdulsalam, namsifu kwa hili, alikuwa ameganda na ngumi juu, akatazama benchi, akawatazama wale wanawake, akatazama damu aliyoitoa. Akaishusha ngumi. Akamshika Nahumu kiunoni, kwa upole, mtungi wa kuazima, akamrusha. Nahumu akaruka mwenyewe nusu ya safari, akalivunja benchi katikati. Akarudi ulingoni anapepesuka, akalazwa, Abdulatif akahesabu tatu. Stelingi ameshinda. Adui ameshindwa kama ilivyopangwa, lakini hakuna aliyemzomea tena.

Kwa hiyo wanaosema pambano liliharibika, mimi nawauliza: liliharibika wapi? Lilianza kwa ufundi, likapata kisa katikati, likamalizika kwa mshindi aliyestahili. Video ngapi za Miraji zina hayo yote?

Mzee Yonathani alishuka kwenye benchi, akakaa, akajifuta jasho. Nilimwacha apumue. Kisha nikasema, "Tumesikia jibu, mzee."

"Jibu gani? Mimi nilikuwa namsaidia mtu asipigwe."

"Umemwita mkwe."

"Ni mdomo tu, mama Ebeneza. Nilisema kwa haraka."

"Mbele ya Makambako nzima. Na wanawake wa Lupembe wameshapiga vigelegele. Utawarudishaje?"

Alicheka kidogo, kwa pua. Halafu kicheko kikamwisha, akawa anatazama ulingo mtupu. "Ema alipokuwa anatueleza," akasema, "alisema kila mara mume alikuwa na sababu. Mara chakula kimechelewa, mara ametazamwa vibaya na watu. Huyu leo alikuwa na sababu. Kapigwa kweli, kazomewa kwao, na nguvu anazo. Nimeona mkono wake unaishia wapi. Leteni wazee wenu Jumamosi ijayo. Ida nitamwagizia Tandala aombe ruhusa."

Nikamshukuru kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

Tulikwenda nyuma ya hema. Nahumu alikuwa amekaa juu ya gogo, pua imevimba, Abdulsalam anamwekea kitambaa cha maji baridi na kuomba radhi kwa mara sijui ya ngapi. Alipotuona akasimama. "Mzee wangu, mama zangu, nisameheni. Kwetu hatuna sheria hiyo."

"Tumeiona kwenu haipo," mama Ema akasema, watu wakacheka. Alikuwa amesimama mbali, amempa Nahumu mgongo, na Nahumu naye amegeukia upande wa reli, kila mmoja anatazama kwake.

Abdulsalam akasema kikundi kinakwenda Songea Jumatatu, na adui kama Nahumu hajawahi kumpata, anaomba aende naye. Sote tukawa tunamngoja mama Ema, na yeye alikuwa anaukung'uta mchanga kwenye blanketi la Miraji, analikunja vizuri, pembe kwa pembe.

"Mama Ebeneza," akasema mwishowe, "mwambie mkwe wangu aende. Lakini awe amerudi kabla ya Jumamosi. Na huko Songea, kabla hawajamtupa, kwanza waulize nani amekaa mbele."

Nahumu alikuwa hatua chache tu na neno lote amelisikia. Hata hivyo nilimgeukia nikamwambia, "Mama mkwe anasema uende, urudi kabla ya Jumamosi, na muulize kwanza nani amekaa mbele."

"Mwambie nimesikia, bibi," akasema, akitazama reli.

Nikamwambia.